Kupanda hadi Kibo Hut kwa njia ya Marangu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kibo Hut ni wapi hasa?

Ni kambi ya mwisho ya njia ya Marangu kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya mteremko wa mashariki wa Kibo, kilele kikuu cha mlima huu. Kuna jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa, vyoo, ofisi ya askari wa hifadhi, na upepo. Maji hakuna. Wanaokwenda Gilman's Point (ukingo wa kreta, mita 5,685) na kilele cha Uhuru (mita 5,895) huondokea hapo usiku.

Safari inachukua siku ngapi?

Panga siku sita, yaani usiku tano. Kampuni nyingi bado zinauza ya siku tano kwa sababu ni nafuu, na watu wengi huinunua wakiamini kwamba siku inayopunguzwa ni ya kupumzika tu. Siku hiyo ndiyo inayoamua kama utafika Kibo ukiwa mzima au ukiwa umeshikilia kichwa.

Tazama namba zenyewe. Geti la Marangu lipo karibu mita 1,880. Usiku wa kwanza unalala Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Ukienda moja kwa moja, wa tatu ni Kibo, 4,720. Unapanda karibu mita elfu moja kila siku, wakati madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Njia ya Marangu haina kambi katikati, kwa hiyo huwezi kuigawa. Unachoweza kufanya ni kulala Horombo usiku mbili ndipo uende Kibo.

Siku hiyo ya ziada Horombo unafanya nini?

Hulali kitandani. Baada ya chai unapanda taratibu hadi Zebra Rocks, miamba yenye michirizi myeusi na myeupe iliyo karibu na mita 4,000, unakaa kidogo, kisha unarudi kula na kulala Horombo. Ukiwa na nguvu, mwongozaji anaweza kukupeleka juu zaidi upande wa Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Mwili ukionjeshwa urefu mchana na kulala chini usiku, huanza kubadilika: unapumua zaidi, figo zinarekebisha damu, usingizi unatulia. Hayo hayafanyiki kwa saa mbili wala kwa ubishi.

Umbali ni kiasi gani kila siku?

Geti hadi Mandara ni kama kilomita 8, saa tatu hadi nne, ndani ya msitu wenye mbega na kima. Mandara hadi Horombo ni kama 12, saa tano hadi saba, sehemu kubwa ikiwa vichaka na nyasi za juu. Horombo hadi Kibo ni karibu 10, kwa saa tano hadi saba tena. Umepungukiwa kilomita mbili lakini muda ni uleule, na hiyo ndiyo hewa inavyodai haki yake.

Kipande hicho cha mwisho kinadanganya macho. Ukishapita mahali pa mwisho pa kuchota maji unaingia uwanda mpana kati ya Mawenzi na Kibo, jangwa la changarawe lisilo na mti. Kibo Hut utaiona kwa mbali, na utaiona kwa muda mrefu sana. Wengi huongeza mwendo hapo. Usiongeze.

Nijuaje kwamba mwendo wangu ni sahihi?

Sema sentensi nzima kwa sauti ya kawaida. Ikikatika katikati kwa kutafuta pumzi, unakwenda mbio. Kuanzia Horombo kwenda juu, mguu wa mbele ukanyage chini ya goti lako, usivute hatua ndefu, na uvute pumzi kwa pua kadiri inavyowezekana. Neno "polepole" linalosemwa mlimani kila dakika si salamu ya watalii. Vijana wenye mazoezi ya mpira au jimu ndio wanaolipuuza zaidi, kwa sababu miguu yao haiwaambii chochote siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu kichwa ndicho kinachosema.

Kwa nini hewa inakuwa "nyepesi"?

Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, asilimia 21, iwe Tanga au Uhuru. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake. Kibo Hut ni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani, na kileleni ni karibu nusu. Kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo, kwa hiyo moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa unafunga kamba za viatu.

Ugonjwa wa mwinuko unaanzaje?

Kwa kawaida saa sita hadi ishirini na nne baada ya kufika urefu mpya: kichwa kuuma, chakula kukukinai, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, usingizi wa kukatika. Kichwa kinachopoa kwa maji, chakula na kidonge cha paracetamol hakikuzuii kuendelea. Kisichopoa kinasema ubaki hapo ulipo. Kikizidi, unashuka.

Mambo mawili hayasubiri asubuhi. La kwanza ni maji kwenye mapafu: unahema ukiwa umepumzika, kikohozi kinaleta mlio kifuani au povu lenye rangi ya damu, midomo inakuwa na ubluu (kwa mwenye ngozi nyeusi tazama ndani ya mdomo na kucha). La pili ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anajibu visivyo, anavaa glavu kinyume na hajali. Mpime kwa kumtembeza kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa hatua kumi, anashuka sasa hivi, usiku au mchana, akiwa na mtu. Dawa na oksijeni husaidia kununua muda. Tiba ni kushuka. Kutoka Kibo, hata kurudi Horombo ni mita elfu moja, na mara nyingi hizo zinatosha kumrudishia mtu uso wake.

Tunalirudia hili kwa sababu chanzo cha vifo ni kuficha. Mtu amelipa pesa nyingi, amewaaga ndugu, basi anamwambia mwongozaji "niko sawa". Mwambie ukweli kila asubuhi na kila jioni, hata kama hakuuliza.

Nitumie Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko?

Inasaidia, hasa kwa njia inayopanda haraka kama hii. Jina la dawa yenyewe ni asetazolamidi. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidonge vingi madukani ni vya 250, kwa hiyo ni nusu asubuhi na nusu jioni. Utakojoa zaidi, vidole vitawasha kama vimekufa ganzi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Yote hayo ni ya kawaida.

Mwenye mzio wa dawa za salfa (kwa mfano aliyewahi kuvimba au kubabuka kwa Fansidar au Septrini), mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito amuone daktari kwanza. Na uijaribu nyumbani siku mbili kabla ya safari, usije ukajua Mandara kwamba haikupatani.

Nina malaria za mara kwa mara. Kuna shida?

Shida ni kwamba dalili zinafanana. Kichwa, kutapika na uchovu ni malaria na ni mwinuko pia. Ukitoka Dar es Salaam, Mombasa au Kigoma, vimelea unaweza kuwa unavyo tayari siku ya geti. Ukijisikia vibaya kabla ya safari, pima Moshi kabla hujapanda, maana kipimo cha haraka ni suala la dakika chache. Homa kali na kutetemeka ukiwa njiani si kawaida ya mwinuko. Hapo unashuka na unapimwa, hakuna kubahatisha.

Na mwenye selimundu?

Mwenye ugonjwa wa selimundu (sikoseli) asipande. Oksijeni ikipungua, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Mwenye kurithi kinasaba kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida hana dalili, lakini huko juu anaweza kupata maumivu makali ya ubavu wa kushoto, bandama ikiwa imekosa damu. Ukanda wetu una watu wengi wenye kinasaba hicho na wengi hawajijui. Kipimo cha damu ni rahisi, kifanye kabla ya kulipa. Wenye shinikizo la damu, pumu, kisukari au moyo waende kwa daktari wao miezi miwili kabla, na dawa zao zikae kwenye begi la mgongoni, zisiende na mpagazi.

Nifanye mazoezi gani nikiwa naishi usawa wa bahari?

Miezi mitatu inatosha. Mara tatu kwa wiki tembea haraka dakika 45 hadi saa moja, na wikendi moja tembea saa nne hadi sita ukiwa na begi la kilo sita au saba na viatu vilevile utakavyopandia. Ngazi za jengo refu ni mwalimu mzuri, na ushuke nazo pia, kwa sababu magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Milima ya Uluguru au Usambara inatosha kwa miguu. Kwa hewa, mazoezi ya chini hayasaidii chochote. Ukiwa na siku nne za ziada na pesa, panda Meru kwanza (mita 4,562), kisha Kilimanjaro. Utaona tofauti.

Msimu upi ni mzuri?

Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, msitu unakuwa tope na juu kuna theluji. Vuli ya Novemba ina mvua za vipindi. Marangu ina faida moja wakati huo: unalala ndani ya vibanda, si kwenye mahema, kwa hiyo angalau nguo zinabaki kavu.

Baridi ni kali kiasi gani, na nibebe nini?

Horombo usiku inakaribia sifuri. Kibo inashuka chini ya sifuri, na kwenye mteremko kuelekea Gilman's alfajiri inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, ukiongeza upepo. Mtu wa Moshi anaijua baridi ya Julai. Hii ni nyingine.

Kinachofanya kazi ni tabaka. Ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa kinachokauka haraka, ya kati sweta la joto, ya nje jaketi na suruali za kuzuia mvua na upepo. Kwa Kibo ongeza jaketi nene la manyoya. Pamba acha nyumbani, na jinzi usiilete kabisa: ikilowa jasho haikauki, na jasho likipoa mwilini unatetemeka hata ukivaa makoti matatu. Mengine ni soksi nene jozi mbili za usiku wa mwisho, nyembamba nne za kutembea, kofia ya masikio, glavu za ndani na za nje, taa ya kichwani na betri za akiba, fimbo mbili, miwani ya jua yenye kinga ya kweli, na mafuta ya jua pamoja na ya midomo. Ngozi nyeusi nayo huungua huko juu, na macho hayana rangi ya kuyakinga na theluji.

Mfuko wa kulalia uwe wa kustahimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Vibandani kuna magodoro, lakini hakuna moto wa kupasha chumba. Vifaa hivi vyote vinakodishwa Moshi na Marangu. Majaketi mazuri ya mtumba yanapatikana soko la Memorial kwa mwenye subira ya kuchambua. Viatu peke yake ndivyo usikodi wala usinunue vipya wiki ya safari. Viwe vimekwisha kukuzoea, na viwe vikubwa nusu namba.

Maji?

Lita tatu hadi nne kwa siku, ukihesabu chai, supu na uji. Ya mito chemsha au tia vidonge. Kutoka Horombo, au mahali pa mwisho pa maji, yote yatakayotumika Kibo yanabebwa kichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa hiyo usinawie miguu maji ya kunywa.

Usiku wa kuondoka Kibo, mpira wa kunyonyea maji huganda kwanza ukiuacha wazi, basi usiutegemee. Chukua chupa ngumu, jaza maji ya moto, ivalishe soksi nene, kisha iweke kwenye begi mdomo ukiangalia chini. Barafu huanza kujengeka juu, yaani kwenye kitako cha chupa iliyogeuzwa, na ukiigeuza kunywa kifuniko kinafunguka.

Chakula kikoje, na kwa nini wapishi hawapiki maharage Kibo?

Kwa sababu hayaivi. Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 84 au 85 hivi, na hayapandi zaidi hata ukiongeza moto. Maharage yatachemka jioni nzima na kubaki mawe, wali utakuwa na kiini, na chai itakuwa na rangi zaidi ya ladha. Mpishi mzoefu hutumia presha kuka, au huandaa vyakula vyepesi: viazi, ndizi, tambi, uji, supu. Mtori, wa Wachaga wenyewe, ni chakula bora cha Kibo: laini, wa moto, una chumvi, na unashuka hata kwa mtu aliyekinai kila kitu. Kula hata kama hutaki. Beba karanga, tende au chokoleti mfukoni.

Anayehitaji nyama ya halali aiambie kampuni wiki moja kabla, si getini. Mwezi wa Ramadhani safari ina ruhusa yake ya kula na kulipa baadaye. Kupanda hadi Kibo bila maji mchana kutwa ni hatari ya kweli. Pombe, mbege ikiwemo, iache mpaka urudi geti, na vidonge vya usingizi usivitumie kabisa.

Lazima niwe na mwongozaji?

Ndiyo. Hifadhi hairuhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, hata kama umezaliwa Marangu. Wananchi wa Afrika Mashariki hulipa ada yao wenyewe, chini sana ya ile ya wageni, kwa hiyo njoo na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Anayelenga kilele awe na umri wa angalau miaka 10.

Nitajuaje kampuni nzuri?

Ada za hifadhi ni zilezile kwa kampuni zote. Anayekuuzia kwa bei ya ajabu hakupunguza ada, amepunguza chakula na mishahara. Uliza hivi kabla ya kulipa: wapagazi wangapi, wanakula mara ngapi, kila mmoja analipwa shilingi ngapi kwa siku na anazipokea mkononi mwake mwenyewe? Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na begi lako ndani yake lisizidi 15. Mizani ipo getini. Simama uone ukipimwa, kwa sababu kuna mizigo inayoongezeka ikishavuka geti. Kilimanjaro Porters Assistance Project iliyoko Moshi inafuatilia kampuni zinazowatendea haki. Uliza kama yako ni mshirika.

Hao vijana hujiita wagumu, na ni wagumu kweli, lakini mwinuko na baridi haviwaogopi. Mpagazi asiye na glavu au anayekohoa mwambie mwongozaji wako. Bakshishi ya mwisho itangazwe mbele ya wote, kila mtu na kiasi chake.

Simu inashika?

Mara kwa mara. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo. Betri ndiyo tatizo kubwa zaidi, kwani baridi huila. Lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia.

Ninaruhusiwa kuishia Kibo bila kwenda kileleni?

Ndiyo, na ni safari kamili. Mita 4,720 ni juu kuliko sehemu yoyote ya Ulaya magharibi isipokuwa Mont Blanc.

Ukiendelea, utaamshwa kama saa 5 usiku na kuondoka kabla au karibu na saa 6. Usiku changarawe imeshikana kwa baridi, na unapata muda wa kurudi kwa mwanga kabla ya mawingu. Hadi Gilman's ni saa tano au sita za mteremko mkali, hadi Uhuru saa moja na nusu au mbili tena. Kisha unashuka hadi Horombo siku hiyohiyo. Kabla hujatoka, jiulize mambo matatu: nimekula, nimelala hata saa mbili, kichwa kimetulia? Jibu la hapana kwa la tatu linatosha kubaki.

Naweza kuwasha moto?

Hapana, popote. Oktoba 2020 moto uliunguza maeneo makubwa upande wa Whona, kati ya Mandara na Horombo. Kupika ni kwa gesi tu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Takataka, pedi zikiwemo, zinashuka na wewe.

Kushuka kuna nini cha kuangalia?

Vidole vya miguu. Siku ya mwisho ni kama kilomita 20 kutoka Horombo hadi geti. Kata kucha siku mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Asubuhi hiyo gonga kisigino cha kiatu chini mpaka mguu urudi nyuma kabisa, kisha kaza kamba kwenye kifundo kuliko ulivyokaza ukipanda. Kucha zinazogonga ncha ya kiatu kilomita 20 huwa nyeusi na hung'oka.

Baada ya hapo nakwenda Zanzibar kupiga mbizi. Sawa?

Mlima kwanza, mbizi baadaye: hakuna tatizo. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Ukizamia kwa mitungi ya hewa, naitrojeni hubaki mwilini, na ukienda juu mapema hutoa mapovu kwenye viungo na damu. Pumzika angalau saa 24 baada ya mbizi ya mwisho kabla hujapanda ndege au mlima, na ukiwa umezamia siku kadhaa mfululizo, ongeza siku nyingine.